Beseni la saruji la ndege: uzoefu wangu katika bustani ya nyumbani, Njiro, Arusha

Beseni hili nililinunua kwa mmoja wa wauza miche na vyungu vya maua walio kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, kwa shilingi 45,000 baada ya kupatana bei. Limekaa juu ya nguzo yake, linamfikia mtu mzima kiunoni, na muuzaji alilinadi kama pambo la bustani. Mimi nililitaka niliwekee maji ya kunywa na kuoga kwa ajili ya ndege wa porini, waje wenyewe na kuondoka wenyewe.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiwawekea mtama na ulezi juu ya kibao. Nafaka huwaleta ndege wanaokula nafaka tu, yaani shomoro, tetere na mnana, na usiku ukiingia huleta panya. Maji humwita kila mwenye kiu, hata asiyegusa punje. Januari na Februari, vumbi linapotanda na majani kukauka, shorewanda huwahi asubuhi, kuzumburu hufika kwa kundi na mikia yao mirefu, na kurumbiza, mwenye kifua cha rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho, huja peke yake jua likikaribia kuzama. Huyu wa mwisho sikuwahi kumwona kwenye kibao cha nafaka.

Kasoro yake kubwa ni kina. Katikati maji yanafika karibu sentimita 10, na kuta zinateremka ghafla, tena zimepigwa niru (uji wa saruji wa kulainishia) zikawa laini mno, ilhali ndege wadogo hawapendi kuoga penye kina kinachozidi sentimita 5 na wanahitaji mahali pa kushika kwa kucha. Shorewanda wa kwanza alitua ukingoni, akainama, miguu ikateleza, akaruka zake. Nilimwaga kokoto upande mmoja na kuweka jiwe bapa lililochomoza juu ya maji, mambo yakabadilika kabisa: sasa shorewanda hushuka jiweni hatua kwa hatua mpaka maji yamguse tumbo, hutumbukiza kifua, hupiga mbawa hadi matone yanafika kwenye nyasi, kisha huhamia kwenye mlimao kujichambua manyoya, yale ya manjano chini ya mkia yakionekana wazi.

Saruji mpya hutoa chokaa, kwa hiyo ni lazima kujaza na kumwaga maji kwa siku kadhaa kabla ya kuwakaribisha ndege. Vilevile hushika utando wa kijani upesi, nami huusugua kwa brashi ngumu bila sabuni. Maji hubadilishwa kila baada ya siku mbili. Viluwiluwi vya mbu huhitaji takriban wiki moja au zaidi kukomaa, hivyo hawapati nafasi, na maji machafu humwagiwa maua, jambo la maana kwetu wenye mgao wa maji. Uzito wake ni faida, kwani mbwa wa jirani (mgeni wetu asiyealikwa) hajaweza kuliangusha. Nimeliweka mita 2 au 3 kutoka kwenye kichaka, ili ndege wawe na pa kukimbilia lakini paka asipate pa kuvizia.

Anayetarajia kumwona ndege aitwaye chozi ndani ya beseni atasubiri sana. Kwangu huoga kwa kujisugua kwenye majani mapana yaliyoloweshwa na mpira wa maji, na kinachomleta hasa ni maua ya mishubiri, ambamo huingiza mdomo wake uliopinda kufyonza nekta.

Kwa bei hiyo nimeridhika, ingawa anayenunua leo afadhali amwagize fundi atengeneze beseni lenye kina cha sentimita 5, lenye mteremko wa taratibu na lisilopigwa niru kwa ndani. Asiye na fedha hiyo atumie kisahani kipana cha udongo cha kuwekea chungu cha maua. Kitafaa vilevile, mradi kiinuliwe juu ya kigogo au matofali.