Mashine ya ukungu wa maji kwa kazi za sanaa: uzoefu wangu hapa Kigoma

Kwa muda mrefu nilitegemea kukodi mashine ya moshi, ile tuliyoizoea kwenye kumbi za harusi, ambayo huchemsha kimiminika chenye glikoli, hutoa wingu zito kwa mkupuo, kisha hunyamaza mpaka ipate moto tena. Bibi harusi anapoingia ukumbini inatosha kabisa, lakini kwa kazi inayomtaka mtazamaji atulie na kutazama, haifai.

Mashine niliyoinunua sasa hutumbukizwa ndani ya beseni la maji. Ina visahani vinavyotetema zaidi ya mara milioni 1 kwa sekunde na kuyarusha maji hewani yakiwa matone madogo mno, hivyo ukungu wake ni baridi, hauna harufu, na hutambaa chini kabla ya kupotea. Uzuri wake huonekana hasa taa inapokaa nyuma ya ukungu ikimwelekea mtazamaji, kwa sababu matone hayo hupitisha sehemu kubwa ya mwanga kwenda mbele, na kila mkunjo hujitokeza. Taa hiyohiyo ikiwekwa mgongoni mwa mtazamaji, ukungu hufifia.

Maji yenyewe yanataka uangalifu. Ya kisima, yakiwa na chumvichumvi, huacha vumbi jeupe kwenye pazia jeusi na utando juu ya visahani, ambao mimi huutoa kwa siki. Ya mvua hayana usumbufu huo. Kina kikizidi ukungu hautoki, na maji yakiisha visahani huungua.

Msanii Fujiko Nakaya wa Japani, aliyelifunika banda la Pepsi kwa ukungu wa maji kwenye Maonyesho ya Dunia ya Osaka mwaka 1970, alitumia maji yanayosukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia matundu membamba, akauachia upepo uufinyange. Mashine hii haina nguvu ya kufanya hivyo nje: mchana upepo wa Ziwa Tanganyika huufagia ukungu wote, na kiangazi hewa kavu huumaliza upesi. Ndani ya chumba, dirisha moja likiachwa wazi kidogo, upepo huohuo huufanyia kazi ambayo mkono wangu usingeweza, na hapo ndipo ninapoiona thamani ya fedha niliyotoa.

Ninaipendekeza kwa wasanii wanaofanyia kazi ndani. Ombi langu kwa wauzaji ni kwamba walete visahani vya akiba, maana kimoja kikifa, huku Kigoma tunalazimika kuagiza kifaa kizima kutoka Dar es Salaam.