Nimeununua utoto wangu Moshi kwa shilingi 31,500. Je, ulikuwa mtamu kweli?

Haya, tunaonekana? Tunaonekana. Habari zenu wapendwa, karibuni tena sebuleni kwangu hapa Pasua, Moshi. Mkiona natoka jasho msishangae. Feni nimeizima, maana video iliyopita mlisema nasikika kama niko mashineni nasagisha mahindi.

Leo sichambui simu, wala spika, wala ile blenda mnayonidai. Mezani nina vitu sita, vyote nimevinunua mjini jana kwa jumla ya shilingi 31,500. Ubuyu huu hapa. Kashata. Gololi. Gari la plastiki. Gari la waya. Na jozi moja ya ndala. Ya ndala mtaniuliza, subirini kidogo.

Wa kulaumiwa ni ninyi. Kila nikichambua kitu cha mtoto, hakosi mtu wa kusema, "Watoto wa siku hizi hawana raha, sisi ndio tuliofaidi." Mimi mwenyewe nimelisema hilo mara nyingi, tena kwa ile sauti ya mtu mzima aliyeshiba. Sasa twende kwa utaratibu uleule tunaochambulia pasi na majiko: kitu kije mezani, kionjwe, kivutwe, kiangushwe. Kama kilikuwa kizuri kitajitetea chenyewe. Kuwa cha zamani si sifa. Hata funza ni wa zamani, na sijasikia mtu akimkumbuka.

Ubuyu. Pakti ni shilingi 1,000, nimeinunua soko la Mbuyuni. Ndiyo, nimekwenda kununua ubuyu Mbuyuni, chekeni tuendelee. Ila mjue mbuyu ni mti wa joto na ukame. Mimi nimelelewa kihambani kwa bibi, Kibosho, na kule juu ni migomba na kahawa, mbuyu huuoni. Mpaka ushuke uelekee Mwanga na Same ndipo unaanza kuiona imesimama porini na matumbo yake. Kwa hiyo ubuyu kwetu kilikuwa kitu cha kuletewa. Bibi akishuka mjini kuuza ndizi, tunamngoja njiani, na hatumwangalii usoni, tunaangalia fundo la kanga.

Jaribio la kwanza, rangi. Nadondosha kokwa tano kwenye glasi ya maji. Sijakoroga, mnaona? Sijakoroga! Hebu itazameni hiyo nyekundu inavyoshuka. Na ulimi wangu huu hapa. Shuleni wasichana walikuwa wanapaka midomo kwa ubuyu huuhuu, na mwalimu wa zamu akisimama mlangoni anakagua ndimi kama daktari.

Ladha sasa. Inatangulia sukari, inafuata iliki, halafu ndipo uchachu wenyewe unakuja kwa mbali kama mgeni aliyechelewa harusi. Uchachu ni mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni sukari. Nakumbuka nilikuwa namung'unya kokwa moja kutoka geti la shule hadi nyumbani kwa bibi, na bado ikabaki ya kumwonyesha mtu. Hii imeisha kabla sijamaliza sentensi. Ama kokwa zimekuwa ndogo ama mdomo umekuwa mkubwa, na nikijitazama kwenye hiki kioo cha kamera jibu nalijua.

Kuna jambo linanichekesha. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wa ubuyu uuzwe kwao, ukiwa kwenye kundi la vyakula vipya. Vipya! Bibi angetaka kujua ni vipya kwa nani. Sasa unauzwa kwenye vikopo kwa watu wa mazoezi kwa sababu ya vitamini C. Ushauri wangu: tafuteni ule mweupe, ambao haujapakwa kitu. Unakwaruza ulimi lakini ndio wenyewe. Huu mwekundu naupa alama nne kwa kumi, nauweka pembeni, na usiku nitaumaliza. Msiniulize.

Kashata sitawachelewesha. Ya karanga, mbili kwa 1,000. Karanga zimeiva, sukari imeungua kidogo pembeni kama inavyotakiwa. Jino langu la nyuma kushoto limekataa. Kosa si la kashata.

Gololi ishirini, 2,000. Sikilizeni... Mlio huo haujabadilika hata kidogo. Uzito ni uleule, ule utepe wa rangi ndani upo, na bado najikuta naiinua juani nichungulie kwa jicho moja. Kama bidhaa sina la kulaumu. Tatizo nimeligundua nilipotoka nje kuchimba shimo: hapa uani hakuna udongo. Mwenye nyumba amesakafia kila kona. Nimepiga gololi moja, imeteleza mpaka chini ya geti, na kwa sasa ni mali ya jirani. Na kabla hamjaanza kunisifu, mimi sikuwa bingwa. Mimi nilikuwa naliwa. Nilikwenda shule na gololi soksi nzima, narudi na soksi.

Mpira haumo mezani, na mtaona sababu. Mpira wa chandimu ulikuwa ni rambo: unakusanya mifuko, unaiviringisha, unakaza kwa kamba. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku, rambo zikaondoka, na mitaro imepumua kweli. Ila mpira nao ukaondoka nayo. Sisi wa kihambani tulikuwa na njia yetu, majani makavu ya mgomba unayafunga kwa kamba ya mgomba wenyewe. Ukipiga kichwa siku ya mvua, unakiona kifo.

Sasa kuna bidhaa nyingine haipo mezani kwa sababu haiuzwi. Hadithi. Mnakumbuka kipindi cha Mama na Mwana, Radio Tanzania Dar es Salaam? Kwetu siku ya kipindi betri za redio zilianikwa juani tangu asubuhi, na mtoto mmoja anawekwa kuzilinda kuku wasizipige mateke. Nami wiki hii nimewarudia wale wahusika wa utotoni, nikamsimulia mpwa wangu wa miaka saba jioni umeme ulipokatika.

Nianze na Sungura, na samahani kwa mashabiki wake. Sungura ni tapeli. Anakula shamba la wenzake, anamsingizia Fisi, Fisi anapigwa, Sungura anakimbia, na sisi tunapiga makofi. Na Fisi tulikuwa tunamcheka kwa kosa gani? Kwa kuwa na njaa! Nimesimulia nikajikuta naona haya katikati. Abunuwasi yeye nilikuja kujua ukubwani kwamba alikuwa mtu kweli, mshairi aliyeishi Baghdad enzi za Harun al-Rashid. Hadi anafika Kibosho mashairi yalikuwa yameshadondoka njiani, amebaki na ujanja na punda.

Lakini kuna hadithi moja bibi alikuwa nayo ambayo haijapungua hata chembe. Ni ya Kibo na Mawenzi, vile vilele vya Kilimanjaro. Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto. Moto ukizimika, anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu, akapewa moto, akapewa na ndizi. Ndizi zikamnogea. Akautupa moto njiani, akarudi: "Ndugu yangu, umezimika." Akapewa tena. Mara ya tatu Kibo akasimama na mchi mkononi, akamtwanga nao. Ndiyo maana mpaka leo Mawenzi amechongoka na kumeguka vile, na Kibo ametulia na weupe wake kichwani, mita 5,895 kwa 5,149. Wajiolojia watawaambia Mawenzi ni volkano iliyozimika siku nyingi ikaliwa na mmomonyoko. Sawa, lakini hata wao wamekubali kwamba moto ulimzimikia.

Kitu ambacho sikukielewa utotoni ni kwamba bibi hakuisimulia hadithi hii ovyo. Alikuwa anaianza jirani fulani anapokuja mara ya tatu kuomba chumvi. Alikuwa anatusimulia sisi, kwa sauti kubwa, huku jirani amesimama mlangoni na kisosi. Alama tisa. Moja nimeikata kwa ajili ya yule jirani.

Haya, magari. Vuteni viti.

Gari la plastiki, 6,500. Lina taa, lina king'ora, lina wimbo wa lugha ambayo hakuna mtu mtaani anayeijua. Nimemkabidhi mpwa leo saa tatu asubuhi. Saa nne kasoro tairi la nyuma limetoka. Nikasema mimi ni mjomba, natengeneza. Nimefungua skrubu zote nne, kumbe ekseli na kitako ni plastiki moja iliyomiminwa pamoja. Ikikatika imekatika, hakuna pa kushika. Gundi imeshika vidole vyangu tu. King'ora bado kinalia, kwa hiyo nyumbani tuna king'ora kisicho na gari. Mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za betri.

Gari la waya. Hili nimelichukua kwa fundi mmoja anayewauzia watalii pale mjini. Akaanza na 40,000, akidhani naleta wageni. Nikamsalimia Kichagga, tukashuka pamoja taratibu mpaka 18,000. Na ni zuri, semeni kweli. Ni Landrova, waya umekazwa vizuri, ina keria juu, ina kioo cha pembeni. Usukani mrefu huu hapa wa kushika ukiwa umesimama. Moyo ulinidunda, sitawaficha. Nikalitoa nje kwenye barabara ya vumbi, nikashika usukani, nikakata kulia.

Gari likaenda moja kwa moja mtaroni.

Nikadhani nimesahau kuendesha. Nikalipindua. Hebu kamera isogee... Mnaona hapa? Usukani umefungwa kwenye bodi. Haujagusa ekseli ya mbele kabisa. Ni pambo! Na matairi ni ya bati, yanateleza. Hili gari limetengenezwa likakae kabatini huko Ulaya. Fundi hana kosa, mteja wake hakimbii nalo. Lakini mimi niliyekuwa naringa kwamba vya zamani vilikuwa vya maana, nimeuziwa sanamu ya utoto wangu, na nikaombea punguzo.

Nikamwita mpwa, nikamwambia lete plaizi. Na hapa ndipo waya unapojitetea, kwa sababu waya unafunguka. Tumekata ile fundo ya usukani. Ekseli ya mbele tumeitoa, tukaweka spoku ya baiskeli, tukaishika kwa kitanzi kimoja tu katikati, iwe huru kuzunguka. Halafu mwisho wa usukani tumeukunja kwa waya wa kufungia nondo, ukaishika ekseli huku na huku ya kile kitanzi. Ukizungusha mkono juu, spoku inageuka chini. Ni hilo tu. Hakuna mtu aliyenifundisha darasani. Nilifundishwa na mtoto mmoja wa darasa la tano aliyenidai gololi sita kwa kazi hiyo.

Sasa ndala. Hizi ni mpya, 3,000. Mama wa dukani aliniuliza namba ya mguu nikasema yoyote, akanitazama kama anataka kumpigia simu mke wangu. Unachora duara kwa kitako cha glasi, unakata kwa kisu kilichopashwa moto, katikati unatoboa kwa waya wa moto. Ule moshi... ule moshi ndio umenirudisha kuliko ubuyu wote wa Mbuyuni. Ndala moja inatoa matairi mawili, kwa hiyo gari moja linakula jozi nzima. Zamani hatukuwa na jozi. Tulingoja ndala ya mtu ichakae, halafu tunangoja ya mwingine, ndiyo maana magari yetu yote yalikuwa na matairi mawili ya bluu na mawili mekundu. Isipokuwa langu moja lililokuwa na manne ya kijani yaliyofanana, kwa sababu sikungoja. Nilikata ndala za shangazi zikiwa na wiki moja. Fimbo alizonipa nazikumbuka kwa idadi, na gari nililificha kwenye shina la mgomba mpaka Krismasi.

Tumelitoa tena nje. Kulia, limekata. Kushoto, limekata. Mpwa ameshuka nalo hadi kwa fundi baiskeli na kurudi, anabadilisha gia kwa mdomo, anapumua breki za basi, pshhh, na hakuna aliyemfundisha hilo pia. Ameligonga ukutani mara mbili. Bonati imebonyea, tumeinyoosha kwa plaizi, dakika moja. Kama lilivyouzwa ni tano. Lilivyo sasa ni tisa na nusu, na ile nusu ni kwa sababu mgongo wangu unauma. Usukani ulipimwa kwa urefu wa mtu mwingine.

Nilitaka niwaonyeshe hapa mezani linavyogeuka, lakini kama mnavyoona meza haina gari. Limetoka tena. Na nikisikiliza vizuri, nje kuna milio miwili ya gia, si mmoja. Mpwa aliniuliza mchana kama waya uliobaki unatosha gari la mtoto wa jirani, nikamwambia waya unatosha, ni matairi tu ndio...

Ngojeni. Dada yangu yuko mlangoni mwa bafu. Ananiita kwa jina langu na la baba, yote mawili, anauliza ndala zake ziko wapi. Nazima kamera.