Kompyuta ya gemu ya mkononi: ununue ipi Nairobi, na ungoje ya nani?

"Ninunue kompyuta ya gemu ya mkononi sasa, ama ningoje Valve watoe Steam Deck nyingine?" Nikiulizwa hivyo, nami huuliza: unacheza gemu gani? Ukisema EA Sports FC, ile gemu ya mpira, kama wengi wa hapa Nairobi, orodha yangu yote inapinduka.

Steam Deck ya Valve haitumii Windows bali SteamOS, mfumo uliojengwa juu ya Linux. FC, tangu ile ya 24, ina programu ya kunasa wanaocheza kwa hila, na programu hiyo haikubali Linux. Ndiyo, Windows inaingia kwenye Deck, lakini basi raha yenyewe ya Deck, yaani hiyo SteamOS, imeishia hapo.

Kwa hivyo ya kwanza kwangu ni ASUS ROG Ally X ya 2024. Ina Windows, FC inaingia bila vita. Betri yake ni wati-saa 80, mara mbili ya Ally ya 2023. Gemu nzito ikila wati 25 hivi, hiyo ni kama saa tatu, dhidi ya saa moja na nusu ya ile ya zamani. Stima zikipotea jioni utaelewa tofauti. Ubaya ni bei: ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 799, kabla ya usafiri na ushuru, na VAT ya asilimia 16 bado inakungoja.

Ukiipata Ally ya 2023 ya mtumba pale barabara ya Luthuli na bei ikakuvutia, pima sehemu ya kadi ya kumbukumbu. ASUS wenyewe walikiri kwamba joto la mashine linaweza kuiharibu. Chomeka kadi, cheza gemu nzito nusu saa, ndipo utoe pesa. Muuzaji akinuna, ondoka.

Steam Deck OLED ni ya pili, na kwa asiyecheza FC ni ya kwanza kabisa. Kioo cha inchi 7.4, uzito wa gramu 640. Makanga akiita steji yako, bonyeza kitufe cha kuzima, ishuke nawe. Kesho kwenye jam unaendelea palepale ulipoachia. Vipuri rasmi huuzwa na kampuni ya iFixit pamoja na maelekezo ya kuifungua, jambo ambalo fundi wako atalishukuru. Lakini Valve hawauzi Kenya, kwa hivyo waranti ni neno la duka tu. Liandikwe kwenye risiti.

Ya tatu ni Lenovo Legion Go S yenye SteamOS, ya 2025. Ile Legion Go ya kwanza, ya inchi 8.8, ina kioo kizuri ajabu lakini uzito wake ni gramu 854. Ukiwa umelala chali ni kama kushika Biblia ya nyanya. MSI Claw ya kwanza, yenye chipu ya Intel, iache hata ikishushwa bei.

Sasa, kungoja. Valve wamesema hawatatoa Deck nyingine mpaka nguvu iongezeke kwelikweli bila kumaliza betri. Microsoft hawakujenga yao. Jina la Xbox waliwapa ASUS, na ROG Xbox Ally ikatoka Oktoba 2025. Lenovo ndio waliokuwa wa kwanza nje ya Valve kuuza mashine yenye SteamOS rasmi. Ukiniuliza mimi, mashine mpya ijayo itatoka kwa mmoja wa hawa wawili, ASUS au Lenovo, mara AMD, wanaowatengenezea chipu, watakapotoa nyingine. Na zitakazotangulia kufika hapa zitakuja kwenye masanduku ya wasafiri, bei ikiwa juu. Mimi singengoja.

Siku ya kununua, nenda na chaja yako ya USB-C: Deck inataka wati 45, Ally X wati 65. Ichaji mbele ya muuzaji, kisha ulipe kwa till ya duka, si kwa namba ya simu ya kijana aliyekuhudumia.