Kadi ya basi ya wazee Uingereza: nyota ngapi? Bado nabishana na nafsi yangu

Nilikuwa nimeazimia kuisifu. Tangu nipate kadi hii ya kupanda basi bure hapa Leicester nimewachosha watu nayo. Kila mgeni anayenijia kutoka Mombasa lazima aione, na picha yangu ya kutisha, na lile ua waridi dogo linalometameta pembeni. Sasa nimekereka, na nitaandika nikiwa nimekereka hivi hivi, maana nikingoja hasira ishuke nitaanza kuwaonea huruma wasiostahili.

Siku za kazi kadi hii huanza kukubali saa tatu na nusu asubuhi. Kabla ya hapo ni kipande cha plastiki. Nalijua hilo, limeandikwa, wala sina haja ya kuelezwa. Lakini majuzi, baridi ilipoanza kuuma, nilikuwa na miadi ya kliniki ya macho, na basi linalofuata lingenifikisha jina langu limeshaitwa. Likaja basi, nikapanda, nikagusisha kadi. Taa nyekundu, na ule mlio wake mbaya. Saa ndogo iliyo kwenye mashine ya tikiti ilionyesha 9:27. Dakika tatu, jamani!

Dereva hakunitazama. Alinyoosha kidole kimoja, akagonga kioo kinachotutenga, pale pale usawa wa ile saa: ko, ko. Sio samahani, sio subiri kidogo, sio lolote. Nikamweleza kwamba naenda hospitali na nina barua. Akanijibu huku macho yako barabarani: lipa au shuka. Maneno yake yote kwangu siku hiyo yalikuwa hayo. Kampuni yake sitaitaja, ila wallahi ningeweza kumchora sura, na tena nimemwona kwa ubavu tu.

Nikaanza kutafuta pesa mkobani. Anayejua mkoba wa mwanamke wa umri wangu anajua kulivyo: dawa ya matone, miwani miwili, tasbihi, risiti za duka, barua ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Nyuma foleni ikaanza kupumua kwa nguvu. Ndipo kijana mmoja aliyejaza vitu masikioni akamwambia mwenzake, na si kwa kunong'ona, kwamba wazee hawa wanapanda bure kwa kodi zetu na bado wanatuchelewesha kazini. Na mama mmoja nyuma yake akaitikia kwa kichwa. Yeye ndiye aliyeniuma zaidi. Mtu mzima, mvi zishaanza, karibuni tu atakuwa anajaza fomu ile ile niliyojaza mimi.

Nikikasirika Kiingereza hunitoroka. Nikamtolea kijana Kiswahili cha Majengo, chote, bila kupunguza, na namshukuru Mungu hakufahamu hata neno. Kisha nikalipa nauli, nikakaa, mikono inatetemeka.

Kwa kodi zetu! Mimi basi hili hili nimelipanda miaka na miaka kwenda kazi za usiku, kuwageuza wazee wa watu vitandani, nikirudi alfajiri na nauli nimeitoa mfukoni mwangu. Wakati huo wenye kadi walikuwa wengine, nami nilikuwa nikiwasaidia kupandisha vikapu vyao. Halafu huyu bwana mdogo aniambie ananilipia! Sharti apate kodi ya kulipa kwanza ya miaka thelathini ndiyo tuje tufanye hesabu.

Na dereva, je, alipoteza nini? Hakuna hata peni. Mzee akigusisha kadi, kampuni ya basi hurudishiwa fedha na halmashauri. Ndivyo mpango ulivyo tangu mwaka 2008, kadi moja kwa England nzima. Sisemi avunje sheria. Nasema alikuwa na mdomo, na mdomo haulipiwi na halmashauri.

Haya. Wakati wa kurudi, saa tano hivi, mambo yakawa mengine kabisa, na hapa ndipo ninapokwama na nyota zangu. Basi la saa hiyo ni letu. Wazee watupu, vijitoroli vya sokoni vimejaa njiani, na dereva alikuwa binti mmoja anayengoja mpaka kila mtu aketi ndipo aondoe gari. Anakutazama kwenye kioo kabisa, akihakikisha. Kadi ikalia vizuri, kijani, nikasahau kidogo.

Nikakaa na mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, mmoja wa wale waliohamia huku zamani. Kiswahili chake ni cha dukani lakini hakikosi. Nikamsimulia. Akaniambia, "Mama, wacha hasira, presha itapanda. Kijana analipa pango, analipa nauli kila siku, halafu anaona mimi napanda bure, nami nyumba yangu nishamaliza kulipa. Wewe ungefurahi?"

Nikanyamaza, kwa sababu lina ukweli. Nauli ya safari moja imewekewa kikomo cha pauni 3, na mtu akipanda kwenda na kurudi juma zima si mchezo. Na ni kweli kadi hii hapewi maskini peke yake. Namjua bwana mmoja mwenye gari la kifahari anayeliacha nyumbani Jumamosi akapanda basi bure kwenda mjini, kisa maegesho ni ghali. Watu wakimwona yeye husema kadi zikatwe, wapewe wahitaji tu.

Mimi nasema na apande. Ukishaanza kupima nani mhitaji, zitakuja fomu za kurasa kumi, na atakayeshindwa kuzijaza ni yule yule mwenye shida. Tena mzee yule mwenye gari akiwa ndani ya basi, gari moja limepungua barabarani. Na basi la mchana tukiliacha tupu, hamtatusikia sisi tu tukilia likifutwa. Na nyinyi mnaoingia kazi za mchana mtatembea kwa miguu.

Shoga yangu yuko Glasgow, kule Scotland, wenye mpango wao mbali na huu wa England. Kule wanapewa kadi wakifika miaka 60, huku kwetu mpaka umri wa pensheni ya serikali, na yeye hupanda saa yoyote, hata alfajiri. Lakini anachojivunia zaidi ni kwamba tangu Januari 2022 walio chini ya miaka 22 nao wanapanda bure. Anasema hakuna kijana wa kumtolea jicho, kila mmoja ana kadi yake. Hapo ndipo nilipomwona kijana wangu wa asubuhi kwa jicho lingine, kidogo tu. Labda hakuwa na ugomvi na mimi. Labda yeye pia alitaka kadi.

Lakini nikikumbuka Likoni, kule Mombasa, nakasirika upya. Feri ya Likoni anayevuka kwa miguu halipi, mzee kwa mtoto, tajiri kwa maskini. Nimevuka pale tangu nikibebwa mgongoni, na sijasikia hata siku moja mtu akimgeukia mwenzake amwambie mimi ndiye ninayekulipia. Kwenye matatu za Mombasa nauli nitalipa kamili, hakuna cha uzee, ila kondakta atapokea kikapu changu aniambie, "Mama, njoo ukae hapa mbele." Huku napanda bure nikiangaliwa kama mdeni.

Wazee wa London walikuwa wakipanda mabasi yao saa yoyote, wakafungiwa asubuhi mwaka 2020 wakati wa korona, na mlango haukufunguliwa tena. Basi msinitangazie kwamba saa hizi zimeshuka kutoka mbinguni. Halmashauri inaruhusiwa kuongeza saa kwa fedha zake ikitaka, na diwani wetu nishamwandikia aniongezee nusu saa tu ya asubuhi, watu wa kliniki tupite. Hajajibu.

Kadi yenyewe, nyota tano. Yule binti wa saa tano, tano na pilau juu. Ukiniuliza huduma nzima nitakwambia nne. Kidole kile kwenye kioo, ko, ko... la, tatu.