Paro au ElliQ: roboti gani kwa mzee anayeanza kusahau?

Watu wanaziweka kapu moja hizi mbili ila kazi zao tofauti kabisa. Paro ni ya Japani, kaitengeneza Takanori Shibata, ina umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini) mwenye manyoya meupe, haiongei neno lolote, mzee anaipakata anaipapasa nayo inageuza kichwa inalia kidogo, na Marekani waliipitisha kama kifaa cha tiba 2009. Kwa mzee ambaye dimenshia (ugonjwa wa kusahau) imeshamkolea, maneno hayamkai tena, mi naona hii ndo yenyewe, mkono bado unajua kubembeleza. Shida bei jamani, kama dola 6,000! Na Australia walipoipima kwenye nyumba za wazee, utafiti ukatoka 2017, Paro iliyozimwa, yaani iliyobaki mdoli wa manyoya tu, iliachwa nyuma na iliyowashwa kwenye kumchangamsha mzee ashiriki tu. Kwa hiyo anza na mdoli wa manyoya wa kawaida.

ElliQ ya Israeli inakaa mezani na skrini yake, inaanzisha stori yenyewe, inakumbusha dawa, ina michezo ya akili. Jimbo la New York, Marekani, walitangaza 2022 kuwagawia wazee zaidi ya 800. Inamfaa anayeishi peke yake na bado anaongea vizuri, tena Kiingereza kinapanda.