Moneymaker: nyanya ya bustani na soko la jirani, si ya tenga

Pakiti ya Moneymaker (madukani mara nyingi huandikwa Money Maker, maneno mawili) huuzwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na chotara za F1 zinazokaa nayo rafu moja. Muuzaji wa pembejeo akiombwa ushauri, kwa kawaida humwelekeza mteja kwenye chotara. Kwa anayelima ekari mbili za kupakia lori, ushauri huo ni sahihi. Kwa mwenye bustani nyuma ya nyumba, au mwenye miche mia mbili hatua chache kutoka sokoni, nyanya hii ya zamani ya Kiingereza ndiyo ya kununua, mradi ajue itamdai kazi gani.

Ni mbegu ya kawaida, si chotara. Ukitoa mbegu kwenye tunda lake ukazipanda, unapata Moneymaker ileile, msimu baada ya msimu. Mmea ni mrefu, hauachi kurefuka mpaka uukate ncha, na matunda yake hukaa kwenye vishada: mviringo, mekundu, ya saizi moja, yapata gramu 80 hadi 100 kila moja. Kishada kizuri hubeba matunda sita hadi manane. Mche wenye vishada sita ukitunzwa sawasawa hufika kilo tatu na nusu hivi. Ladha yake ni ya wastani, uchachu na utamu vikiwa karibu sawa, na maji mengi ndani. Kwenye kachumbari inapendeza sana. Kwenye rosti inachelewa kukolea, na anayetaka mchuzi mzito atafurahi zaidi na Roma VF au Cal J, ambazo nyama yake ni nene.

Udhaifu wake mkubwa ni ngozi. Ni nyembamba, na ndiyo sababu inalika vizuri ikiwa mbichi, lakini haivumilii tenga. Ukiijaza kama wanavyojaza nyanya za Ilula, Iringa, zinazokwenda Dar es Salaam, zile za chini zitafika zimepasuka na kutoa maji. Ikibidi kusafirisha, ivune inapoanza tu kugeuka rangi kwenye kitako, uipange tabaka mbili au tatu kwenye kreti isiyo na kina. Zaidi ya saa chache za barabara mbaya, panda Rio Grande au Tengeru 97.

Udhaifu wa pili hauonekani kwenye pakiti: haina kinga ya kuzaliwa dhidi ya magonjwa mengi. Watafiti wa Ulaya waliochunguza ukungu wa majani ya nyanya, ule wa Cladosporium fulvum, waliichagua Moneymaker kama mmea wa msingi kwa kuwa yenyewe haikuwa na kinga hiyo, kisha wakazalisha Moneymaker za namna mbalimbali, kila moja ikiwa na kinasaba kimoja cha kinga, ili kuona kila kimoja kinafanya nini. Kwa mkulima maana yake ni kwamba hapa hakuna jina la F1 la kukulinda. Kinga yote inatoka kwenye nafasi, hewa, maji na mikono yako.

Anza kitaluni. Gramu moja ina mbegu kama 300, kwa hiyo pakiti ndogo inatosha familia na majirani. Sia kwenye mistari iliyoachana sentimita 15, kina kisizidi sentimita moja, funika kwa nyasi kavu na mwagilia juu ya nyasi. Mbegu zikianza kuchomoza, siku ya sita hadi ya nane, ondoa nyasi jioni ya siku hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili tu, miche inarefuka kama uzi na kuanguka. Punguza miche iliyobanana. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha punguza maji na kivuli ili shina likomae. Mche uko tayari ukiwa na majani halisi manne au matano, kwa kawaida wiki ya nne. Mche wa wiki saba uliokwishatoa maua kitaluni usiununue hata ukipewa bei ya kutupa, maana hudumaa na kubaki mfupi.

Shimoni, weka samadi iliyoiva kama kopo la kilo mbili, na mbolea ya kupandia ya DAP vizibo viwili vya soda (takriban gramu 10), uchanganye na udongo mpaka mbolea isiguse mizizi. Nafasi ni sentimita 50 hadi 60 kati ya mche na mche, na mita moja kati ya mistari. Wengi huona mita moja ni kupoteza ardhi, wakabana mpaka sentimita 60, na hapo ndipo ukungu unapopata nyumba: majani hayakauki umande mpaka saa nne asubuhi. Panda mche kwa kina, mpaka chini ya majani ya kwanza. Sehemu ya shina iliyofukiwa hutoa mizizi mipya.

Kazi kubwa ya Moneymaker ni kuisimamisha, na anayeikwepa kazi hii achague aina nyingine. Simika mti wa mita mbili siku ya kupandikiza, si baadaye, kwa sababu mti unaochomekwa mwezi mmoja baadaye hukata mizizi. Funga kwa kamba ya mkonge kwa umbo la namba nane, kitanzi kimoja kwenye mti na kingine kilegee kwenye shina, na uongeze kamba kila sentimita 25 mmea unapopanda. Kila wiki pitia maotea, yale machipukizi ya kwapani mwa jani, uyavunje kwa vidole yakiwa mafupi kama kidole gumba. Yakishakuwa marefu kidonda chake ni kikubwa na hukaribisha magonjwa. Acha shina moja, au mawili kama udongo una rutuba sana. Vunja asubuhi jua likitoka ili kidonda kikauke, na mmea wenye dalili za virusi uuache wa mwisho, kwani virusi vya batobato hubebwa na mikono. Kishada cha kwanza kikianza kuiva, toa majani yote yaliyo chini yake. Baada ya kishada cha sita au cha saba, kata ncha ukiacha majani mawili juu ya kishada.

Mbolea ya kukuzia ya CAN weka vizibo viwili kwa mche maua ya kwanza yanapotokea, na mara ya pili matunda yakiwa kama gololi. Ukizidisha, utapata msitu wa majani mazito ya kijani na maua machache.

Maji ndiyo yanayoamua kama tunda litapasuka. Ngozi nyembamba haiwezi kufuata kasi ya nyama inayovimba ghafla, kwa hiyo kukausha shamba siku nne kisha kufurika siku ya tano kunapasua matunda yaliyokaribia kuiva. Mpangilio huohuo mbovu huleta kuoza kitako, lile doa jeusi kavu chini ya tunda. Wengi hulidhania ugonjwa na kulipulizia dawa bure, kumbe ni kalsiamu iliyoshindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji yalikatika. Mche uliobeba hutaka lita moja hadi mbili kwa siku wakati wa joto, zimwagwe chini, si kwenye majani. Matandazo ya nyasi kavu ya sentimita tano hadi nane yanasaidia kuliko mbolea yoyote ya majani.

Pwani ina tatizo lake. Usiku ukizidi nyuzi joto 22 hivi, chavua hudhoofika na maua huanguka. Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, sia mwanzoni mwa Mei chini ya paa dogo la kuzuia mvua, uhamishe Juni, ili maua yakutane na kipupwe. Ukisia Novemba utavuna majani. Nyanda za juu kama Lushoto au Limuru maua hushika vizuri, ila adui ni bakajani chelewa: madoa ya kahawia yenye unyevu, na utando mweupe chini ya jani asubuhi. Wakati wa mvua na ukungu puliza dawa yenye mankozebu kila siku saba hadi kumi kabla ugonjwa haujaingia. Ukishaingia unahitaji mchanganyiko wenye metalaksili, lakini usiurudie zaidi ya mara mbili au tatu kwa msimu, kwani vimelea huuzoea. Hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo, uziheshimu.

Mmea ukinyauka ungali wa kijani, kata kipande cha shina ukining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukitoka uzi mweupe kama maziwa ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria, na hakuna dawa. Ng'oa, choma, na eneo hilo lisipandwe nyanya, viazi mviringo, pilipili wala bilinganya kwa miaka mitatu au zaidi. Mizizi yenye vinundu ni minyoo fundo, nayo Moneymaker haiihimili kabisa. Tengeru 97 inahimili zaidi.

Ndani ya kitalu nyumba inafanya vizuri, maana asili yake ni nyumba za vioo za Uingereza. Ila upepo haupo, basi gonga kamba zake kila siku asubuhi hewa ikishakauka, ili chavua idondoke.

Dukani angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na lebo ya uthibitisho wa mbegu kutoka taasisi ya serikali, TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, na uikatae pakiti iliyoanikwa juani. Ukipenda mimea yako, hutahitaji kununua tena. Chagua michache iliyo na afya kuliko yote, uchukue matunda ya kishada cha pili na cha tatu yaliyoivia mtini, ukamulie mbegu na maji yake kwenye chupa. Acha zichache siku mbili hadi tatu kivulini, ukikoroga kila siku, mpaka utelezi uachane na mbegu. Nzima huzama, tupu huelea. Suuza, tandaza kwenye sahani au chekecheo (si karatasi, zitaganda) kivulini mpaka zikakamae, kisha hifadhi kwenye chupa isiyopitisha hewa. Hukaa miaka minne au zaidi mahali pakavu na pa baridi. Kila msimu jaribu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu: zikiota 17, sia kama kawaida, zikiota 10, sia mara mbili.