Sidiria kwa kifua kipana: tununue wapi Kampala?

Kwa mwanamke aliyebadili jinsia, na kwa mwanaume anayependa kuvaa kike, kinachosumbua zaidi kwenye sidiria ni mbavu. Kifua ni kipana, kikombe kinachohitajika ni kidogo, na wauzaji wengi hudhani mwili mpana lazima uwe na matiti makubwa. Kwa hiyo hapa nimepanga sehemu za kununua kwa swali moja tu: nani ana mkanda mrefu wenye kikombe kidogo?

Kabla ya kutoka nyumbani, pima kwa futikamba. Zungusha chini ya matiti, toa pumzi, kaza. Tuseme umepata sentimita 95. Kisha pima juu ya chuchu. Kama unajazia kikombe kwa vijazio (matiti ya bandia ya sponji au silikoni), vivae kwanza ndipo upime. Tuseme 110. Tofauti ya 15 ni kikombe B, kwa hiyo wewe ni 95B kwa lebo nyingi za Ulaya. Sidiria hiyohiyo Ufaransa huandikwa 110B, Uingereza 42B. Ukiikosa, jaribu 100A: kikombe kina ujazo uleule, mkanda ndio umeongezeka.

Namba moja naipa Owino, lile soko kubwa la Kampala, upande wa mivumba, yaani mitumba. Najua wengine watakunja uso. Lakini nguo za Ulaya huja na saizi ambazo maduka ya mjini hayahangaiki kuagiza. Geuza lebo ya ndani, utaona namba tatu zimepangana: EU, FR, UK. Soma ya EU. Vuta mkanda kwa mikono miwili. Ukiuachia usirudi, rudisha sidiria kwenye rundo. Pitisha kidole kwenye waya kuona kama umetoboa kitambaa. Ukibahatika utakuta yenye mfuko ndani ya kikombe, ile iliyotengenezwa kwa wanawake waliokatwa titi kwa saratani. Hiyo chukua bila kujivuta, maana kijazio cha silikoni hukaa humo bila kuhamahama. Na faida nyingine ya Owino: msongamano. Hakuna mwenye muda wa kukuuliza unamnunulia nani, na akiuliza, wanaume wangapi hununulia wake zao?

Namba mbili ni fundi wa cherehani unayemwamini. Yeye hauzi sidiria, ila huokoa ile iliyokaribia kukutosha. Hushona mfuko wa pamba ndani ya kikombe, huongeza kipande chenye kulabu nyuma, na husogeza mikanda ya mabegani isiteleze. Bega pana linahitaji mkanda mpana pia. Ule mwembamba kama uzi utakuchora mistari.

Maduka ya akeedi, yale majengo ya katikati ya mji yenye vijiduka vingi, nayaweka ya tatu. Bidhaa ni mpya, rangi zinapendeza, lesi ya kuvutia. Nyingi ni za China, lebo imeandikwa 36/80 au 38/85, na ukivuka hapo vikombe navyo huanza kuwa vikubwa. Nenda huko kama mbavu zako ni nyembamba, au kama homoni zimeanza kuotesha matiti na yanauma: tafuta ya pamba, laini, isiyo na waya. Usinunue nyingi, kwani matiti huendelea kukua kwa miaka miwili mitatu.

Mtandaoni ni mwisho. Huwezi kuvuta mkanda, na wauzaji wengine wa WhatsApp huomba picha "wakukadirie". Tuma vipimo vyako, usitume picha. Kwa sheria ya Uganda ya 2023 ya kupinga ushoga, picha kama hiyo kwenye simu ya mtu usiyemjua ni hatari kuliko sidiria isiyotosha. Lipia unapopokea, na mwelekeze wa boda mahali pa wazi, si mlangoni kwako.

Chupi nunua mpya, popote. Chagua ya kiuno cha juu, kitambaa kizito kinachovutika, na paneli ya mbele isiwe lesi, ili ibane na mbele paonekane bapa. Ikibana hadi ganzi, panda saizi moja. Plasta ya gundi usiibandike kabisa kwenye ngozi ya sehemu za siri. Kwa jua la Kampala, jasho na malengelenge vitakumaliza. Silikoni nayo hupasha joto, kwa hiyo siku za kawaida vaa vijazio vya sponji, vya silikoni viwe vya jioni.